Usilipie Windows mara mbili: namna ya kununua kompyuta inayokubali Linux kwenye soko letu

Masini nyingi zinazouzwa Butembo, Goma, Bukavu ao Bunia zinakuja na «Windows ya bure». Bure hiyo ina bei, na mara nyingi mnunuzi anaijua siku kazi yake inapopotea. Haya ni mambo ya kuangalia kabla ya kutoa pesa mfukoni.

BUTEMBO – Mwaka jana, juma moja kabla ya siku ya kuweka TFC yake chuoni, mdogo wangu alirudi nyumbani usiku, akaweka masini yake juu ya meza, akakaa bila kusema neno. Asubuhi alikuwa amepeleka flash kwenye siberi ili achapishe kurasa chache. Aliporudi na kuiingiza tena ndani ya masini, folda zake zote zilikuwa zimegeuka «rakursi», zile alama zenye mshale mdogo. Kila alipobonyeza, hakuna kilichofunguka.

Kesho yake tulienda kwa fundi. Alitazama dakika mbili, akasema: «Papa, hii ni virusi. Tunaformati flash na masini, kisha tunakuwekea Windows mupya na Office. Dola kumi na tano tu.» Tulikubali, kwa sababu hatukujua. Jioni masini ilikuwa safi kabisa. Ilikuwa safi hata kurasa 62 za TFC hazikuwamo tena.

Baadaye tu mwalimu mmoja wa informatiki alinieleza jambo lililoniuma zaidi kuliko hasara yenyewe. Virusi vya rakursi kwa kawaida havili kazi ya mtu. Vinaificha, kisha vinaweka alama za uongo mahali pake ili ukibonyeza, virusi viamke. Kazi ya mdogo wangu ilikuwa bado ndani ya flash wakati fundi anaiformati. Masini yenye Linux ingeionyesha, maana programu hiyo ya virusi imetengenezwa kwa ajili ya Windows, na ndani ya Linux haiamki.

Masini ile tuliinunua ikiwa na «Windows ya bure». Tangu siku hiyo nilianza kuuliza swali ambalo sikuwahi kuliuliza dukani: ile Windows nani aliilipa?

Bure ya nani?

Kompyuta bila mfumo endeshi ni kama gari bila dereva. Injini ipo, magurudumu yapo, lakini haiendi popote. Windows ya kampuni ya Microsoft ni mfumo mmoja kati ya mingine. Linux ni mfumo mwingine, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi kule Helsinki, Finlandi. Leo unaendesha sehemu kubwa ya seva za intaneti, na hata simu za Android zimejengwa juu ya kiini chake.

Tofauti inayotugusa sisi ni ya leseni. Windows inauzwa. Kwenye duka la Microsoft la Marekani, Windows 11 Home ina bei ya dola 139. Watengenezaji wa kompyuta wanaipata kwa bei ndogo zaidi kwa sababu wananunua nyingi, lakini wanailipa, na wanaiingiza ndani ya bei ya masini. Linux inaruhusiwa kutumiwa, kunakiliwa na kugawiwa bila kulipa leseni. Ruhusa hiyo imeandikwa ndani ya leseni yake yenyewe.

Kwa hiyo mtu anayenunua masini mpya yenye Windows halisi ameilipa, hata kama risiti haisemi. Na mtu anayewekewa Windows ya «kraki» dukani hajamlipa Microsoft, lakini naye analipa kwa njia nyingine. Ili kraki ikubali, fundi mara nyingi anazima ulinzi wa virusi, pia anafunga njia ya kupokea marekebisho ya usalama. Unabaki na nyumba isiyo na mlango, kisha unaingiza flash za siberi humo kila siku. Virusi vikija, unarudi kwa fundi yuleyule, unatoa dola nyingine, anaweka kraki nyingine.

Kwa nini masini inakuja tayari na Windows

Mazoea haya yana historia. Miaka ya mwanzo ya 1990, Microsoft ilikuwa na mikataba na watengenezaji ambayo iliwafanya walipe kwa kila kompyuta waliyotoa, hata ile isiyowekewa programu ya Microsoft. Mtengenezaji akitaka kuweka mfumo mwingine, alilipa mara mbili. Mwaka 1994 serikali ya Marekani ilifikia mapatano na kampuni hiyo, mikataba ya namna hiyo ikaachwa. Lakini desturi ya kuuza kompyuta na Windows pamoja ilikuwa imekwisha kuota mizizi.

Kule Ulaya, wateja wengine walipeleka jambo hili mahakamani. Mfaransa mmoja alinunua kompyuta ya Sony mwaka 2008, akakataa leseni ya Windows, akadai arudishiwe pesa ya programu. Kesi ilifika hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Tarehe 7 Septemba 2016 mahakama hiyo ilisema kwamba kuuza kompyuta pamoja na programu si kosa kwa yenyewe, na kwamba muuzaji halazimiki kuonyesha bei ya kila programu peke yake.

Italia, mambo yalienda tofauti. Mteja mmoja aliyenunua kompyuta ya Lenovo mwaka 2018 alidai pesa ya Windows ambayo hakuitaka. Alishinda na kurudishiwa euro 42. Kampuni ikakata rufaa. Mwezi wa 12 mwaka 2020, mahakama ya Monza iliikataa rufaa hiyo na kuiamuru kampuni imlipe mteja euro 20.000 kwa namna ilivyomsumbua.

Euro 42 si pesa ya kumtajirisha mtu. Lakini kwetu ni karo ya mtoto ya miezi fulani, ao ni RAM ya kuongeza pamoja na diski ndogo ya SSD. Tena sisi hatuna njia ya yule Mwitaliano. Masini inayofika Butembo mara nyingi imepita mikononi mwa watu wanne ao watano: Dubai ao Uchina, bandari ya Mombasa, Uganda, mpaka wa Kasindi, kisha duka la hapa mjini. Risiti yenyewe wakati mwingine ni karatasi iliyochanwa kwenye daftari. Utamdai nani euro 42? Kwa hiyo haki yetu tunaitafuta kabla ya kulipa. Baada ya kulipa tumechelewa.

Masini za aina tatu sokoni

Ukizunguka maduka ya mjini, utakuta masini za aina tatu.

Ya kwanza ni mpya kabisa yenye Windows halisi. Bei yake iko juu, na leseni imo ndani. Ukitaka Linux, utakuwa umelipia kitu utakachokifuta siku ya kwanza. Makaratasi ya leseni ya Microsoft yanasema mtu asiyekubali masharti aulize kwa mtengenezaji ao muuzaji namna ya kurudisha, na inawezekana akaambiwa arudishe masini yote. Kwa mtu wa Butembo, neno hilo halimsaidii kitu.

Ya pili ni mpya yenye «DOS» ao «FreeDOS». Watu wengi wanaiogopa. Ukiiwasha, unaona kioo cheusi na maandishi meupe, unafikiri imekufa. Haijafa. FreeDOS ni mfumo mdogo wa bure, ulioanza mwaka 1994, ambao watengenezaji kama HP wanauweka katika baadhi ya modeli ili masini isiuzwe tupu, bila kulipa leseni ya Windows. Ndiyo sababu modeli ileile yenye FreeDOS inakuwa na bei ndogo kuliko dada yake yenye Windows. Kwa mtu wa Linux, hii ndiyo masini mpya inayomfaa. Tatizo ni kwamba baadhi ya wauzaji wanaifungua, wanaweka kraki, kisha wanaiuza kwa bei ya ile yenye Windows. Tazama karatasi iliyobandikwa kwenye katoni: kama imeandikwa «FreeDOS» ao «DOS», Windows utakayoonyeshwa haikutoka kiwandani. Dai bei ya DOS.

Ya tatu ni masini ya okazioni, iliyotumika kwanza ofisini Ulaya, Marekani ao nchi za Ghuba. Hapa kuna siri moja ambayo wauzaji wengi hawaisemi. Tangu wakati wa Windows 8, mwaka 2012, watengenezaji wanaandika namba ya leseni ndani ya ubao wa masini yenyewe. Maana yake ni kwamba ofisi ya kwanza ilikwisha kulipa Windows ya masini ile, na mara nyingi ukiweka Windows ya aina ileile inajikubali yenyewe, bila kraki. Kwa hiyo muuzaji anayekuongezea dola ishirini za «kuweka Windows» anakuuzia kazi ya mikono yake tu. Kama hutaki kazi hiyo, sema hivyo, na dola hizo zibaki kwako.

Kuna pia masini zinazouzwa na Linux tayari kutoka kiwandani. Dell ilianza kuuza XPS 13 yenye Ubuntu mwaka 2012, na Lenovo iliweka Fedora kwenye baadhi ya ThinkPad kuanzia mwaka 2020. System76 ya Denver, Marekani, na Tuxedo ya Augsburg, Ujerumani, wanafanya kazi hiyo tu. Ni masini nzuri. Lakini ukihesabu usafiri na ushuru mpaka hapa kwetu, faida yote inaishia njiani. Tubaki kwenye soko letu.

Soma namba kabla ya kuuliza bei

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Wenye kutaka kuendelea walipewa njia ya kuongeza muda kidogo tu. Na Windows 11 haikubali kila masini. Inadai kipande cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na kwa masini za Intel inadai kwa kawaida kizazi cha nane na kuendelea.

Ofisi za ng'ambo zinaondoa masini zisizofikia hapo. Nyingi bado zina nguvu, na zinaishia kwenye masoko kama yetu. Kwa mtu anayetaka Windows halali, hizo ni mtego. Kwa mtu wa Linux, ni nafasi nzuri, maana Linux haidai TPM wala kizazi cha nane.

Namna ya kujua kizazi ni rahisi. Tazama jina la prosesa. Kama imeandikwa i5-7300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 7: kizazi cha saba. Kama ni i5-8350U, ni kizazi cha nane. Kwa majina ya masini: ThinkPad T470 ni ya mstari wa saba, T480 ni ya nane. HP EliteBook 840 G4 ni ya saba, G5 ni ya nane. Dell Latitude 7490 ni ya nane, 7480 iko nyuma yake. Ukimwambia muuzaji kwa heshima kwamba hii ni ya kizazi cha saba na haipokei Windows 11 kwa njia halali, bei inaanza kushuka yenyewe.

Mistari hiyo mitatu, ThinkPad, Latitude na EliteBook, ina sifa nzuri kwa Linux. Ni masini za ofisi. Zilitengenezwa nyingi, watu wengi duniani wamezijaribu, na vipuri vyake vinapatikana. Kampuni ya Canonical, inayotengeneza Ubuntu, ina orodha kwenye intaneti ya masini ilizozipima na kuzikubali. Andika jina kamili la modeli kabla ya kutoka nyumbani, uitafute humo.

Kwa RAM, usishuke chini ya giga 4, na kama pesa inaruhusu chukua 8. Diski iwe SSD. Jihadhari na masini ndogo mpya zenye prosesa ya Celeron na hifadhi ya «eMMC» ya giga 32 ao 64: zinavutia kwa bei na zinang'aa, lakini hifadhi hiyo huwezi kuibadilisha, na itajaa mapema.

Vipande vinavyosumbua

Linux inatambua sehemu kubwa ya vipande bila kuuliza kitu. Lakini vingine vinasumbua, na ni heri uvijue.

Wi-Fi ndiyo ya kwanza. Kadi za Intel kwa kawaida zinafanya kazi mara moja. Kadi za Broadcom, na baadhi ya Realtek, zinaweza kudai programu ya ziada, ambayo unaipata kwa intaneti wakati intaneti yenyewe ndiyo unayoikosa. Njia ya kutoka hapo ni simu: iunganishe kwa kebo ya USB, uigawie masini mtandao.

Ya pili ni kadi ya picha ya NVIDIA. Inafanya kazi, lakini inadai kuweka programu yake na inakula bateri. Kama huchezi michezo mikubwa wala hufanyi montaji ya video, chukua masini yenye picha za Intel ao AMD peke yake.

Ya tatu ni kisomaji cha alama za kidole. Vingi havikubali. Usikilipie kama ni sababu ya bei kupanda.

Ya nne ni kompyuta za Apple. MacBook za kati ya mwaka 2018 na 2020 zenye kipande cha T2, na zile zinazofuata zenye prosesa za M1 na kuendelea, zinadai ujuzi zaidi. Kwa anayeanza, aziache.

Ya tano haihusu Linux peke yake: klavye. Sisi tumesoma kwa AZERTY ya Kifaransa, lakini masini nyingi zinatoka Dubai ao Uingereza na QWERTY. Linux inakuruhusu kuipanga kama AZERTY, lakini maandishi juu ya vibonye yatabaki yaleyale. Kama wewe unaandika bila kutazama, si kitu. Kama unatazama, utateseka.

Jaribu ndani ya duka

Huu ndio uzuri mkubwa wa Linux kwa mnunuzi: unaweza kuiwasha kutoka flash, bila kugusa diski ya masini, na kuona kila kipande kama kinafanya kazi. Windows ya dukani inakuonyesha kile muuzaji alichokitengeneza. Flash yako inakuonyesha masini yenyewe.

Tafuta flash ya giga 8. Kwenye kompyuta ya rafiki, pakua Linux Mint ao Ubuntu, kisha iandike kwenye flash kwa programu ya bure kama Rufus. Kuikopisha kama faili ya kawaida haitoshi, masini haitawaka nayo.

Tulipoenda mara ya pili kumtafutia mdogo wangu masini, flash hiyo ilikuwa mfukoni mwangu. Nikamwambia kijana wa duka: «Nionyeshe hii bila Windows. Nitaijaribu na flash yangu.»

Akacheka. «Papa, bila Windows itatembea namna gani?»

«Ngoja uone.»

Masini ya kwanza ilikataa. Kila tulipotaka kuingia kwenye BIOS, yaani mahali pa mapangilio ya ubao, iliomba neno la siri ambalo kijana hakulijua. Tuliirudisha mezani. Masini ya ofisi yenye neno la siri la BIOS usiinunue hata ikipunguzwa nusu ya bei: kulitoa ni kazi ngumu, na unaweza kuwa unanunua kitu cha wizi.

Ya pili ilikuwa ThinkPad T470. Kwa Lenovo na Dell unabonyeza F12 mara tu unapoiwasha, kwa HP ni Esc kisha F9. Orodha ikatokea, tukachagua flash, na baada ya dakika moja hivi Linux Mint ilikuwa mbele yetu. Kijana alisogeza kiti chake karibu.

Tuliangalia hivi, moja baada ya nyingine. Wi-Fi: tuliiunganisha na simu yangu. Sauti: tulicheza wimbo. Kamera. Vibonye vyote, pamoja na vile vya kupandisha na kushusha mwanga. Kila tundu la USB. Tulifunga kifuniko, tukasubiri, tukafungua: iliamka. Kisha tukafungua dirisha la amri, tukaandika «upower -d». Inaonyesha bateri ilitengenezwa ishike nguvu kiasi gani na leo inashika kiasi gani. Ya kwetu ilikuwa imebaki na asilimia 61. Muuzaji alikuwa amesema bateri ni «kama mupya». Nilimwonyesha namba, naye hakubisha. Mwishoni tukafungua programu ya diski, ambayo inaonyesha afya ya SSD.

Alianzia dola 240. Kwa bateri ile, kwa kizazi cha saba, na kwa kuwa hatukuhitaji Windows wala Office yake, tulimalizana kwa 190. Kazi yote ilichukua kama dakika ishirini na tano.

Jambo moja la kukumbuka: kwenye baadhi ya masini, Linux inawaka kutoka flash lakini haioni diski ya ndani. Mara nyingi ni kwa sababu BIOS imepangwa kwenye «RAID» ao «RST». Ikiwekwa kwenye «AHCI», diski inaonekana. Usikimbilie kusema imeharibika.

Hesabu ya mega

Wengine watasema: kupakua giga tatu kwa mega za kwetu ni pesa. Ni kweli. Lakini si lazima kila mtu apakue. Mmoja anapakua usiku kwa foreve ya bei nafuu ao kwenye Wi-Fi ya kazi, wengine wanakopisha kwake. Kukopisha Windows namna hiyo ni kuvunja leseni. Kukopisha Linux ndivyo ilivyokusudiwa. Hata jina la Ubuntu, iliyotoka mara ya kwanza mwezi wa 10 mwaka 2004, ni neno la Kibantu la kusini mwa Afrika, ndugu wa «utu» wetu.

Ubuntu 24.04 na Linux Mint 22 iliyojengwa juu yake zinapokea marekebisho ya usalama hadi mwaka 2029. Lugha ya Kifaransa imo. LibreOffice, ya kuandika na kupiga hesabu, inakuja pamoja nazo bila kulipa. Na Kiswahili hakikusahauliwa: tangu mwaka 2004, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwisha kutafsiri programu iliyoitangulia LibreOffice na kuiita Jambo OpenOffice.

Nani asikimbilie

Linux haifai kila mtu kwa kila kazi. Kama kampuni yako inafanya hesabu kwa Sage, ao kama kazi yako ni ya AutoCAD ao Photoshop, programu hizo zimetengenezwa kwa Windows. Mtu huyo atafute masini ya kizazi cha nane na kuendelea, yenye leseni halisi, na pesa yake haitapotea.

Mwanafunzi aliyezoea SPSS atakuta PSPP, inayofanana nayo kwa mambo ya msingi, na R yenye nguvu zaidi lakini ngumu zaidi mwanzoni. Mtu wa ramani atakuta QGIS ileile. Wenye kazi za mashirika wanaokusanya habari kwa fomu za simu, sehemu ya kompyuta wanaifungua ndani ya kivinjari, kwa hiyo hakuna kinachobadilika.

Kuhusu TFC na memwari: LibreOffice inafungua na kuhifadhi faili za Word, lakini mpangilio wa kurasa unaweza kusogea kidogo. Ukienda siberi kuchapisha, peleka PDF. Itatoka kama ulivyoiandika. Na printa: za HP nyingi zinakubali bila shida, nyingine uliza kwanza.

Kabla ya kufuta chochote kwenye masini ya zamani, weka nakala ya kazi yako mahali pawili. Linux inakukinga na virusi vya rakursi. Haikukingi na diski inayokufa, wala na mwizi.

Mdogo wangu aliandika TFC yake upya kutokana na makaratasi ya rasimu na barua-pepe mbili alizokuwa amemtumia mwelekezi wake. Alichelewa kikao kimoja, akaitetea kwenye kikao kilichofuata. Siku hizi flash yangu ya Linux Mint siioni tena nyumbani. Inazunguka kwa wenzake wa darasa, na kila mmoja akienda kununua masini anaipitia kwanza kuichukua. Juzi kijana wa duka alinipigia simu. Nilifikiri ni mambo ya garantii. Alisema: «Papa, ile flash yako, unaweza kuniletea niikopishe? Wakiliya wameanza kuiuliza.»